Muhula mmoja Ujerumani: je, krediti zitahesabiwa kwenye shahada ya Moshi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, shahada ya uhasibu na fedha, chuo kimoja hapa Moshi. Nimechaguliwa kwenda Ujerumani kwa muhula mmoja, Aprili hadi Julai, kwa ufadhili wa Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya ya kubadilishana wanafunzi. Nimemuuliza mkuu wa idara kama masomo ya kule yatahesabiwa, akanijibu, "Wewe nenda, mambo ya krediti tutayaangalia ukirudi." Wenzangu wananitisha kwamba nitarudia semista nzima na bumu, yaani fedha za mkopo, litakatwa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kuchaguliwa.

Wenzako wametia chumvi, lakini maneno yao hayakutoka hewani. Wapo wanaorudi na kukuta semista nzima haionekani kwenye matokeo, na chanzo huwa ni jibu kama hilo ulilopewa. Sidhani mkuu wako wa idara ana nia mbaya. Ana mamia ya wanafunzi, na wewe ni mmoja unayeondoka. Shida ni kwamba ukirudi Agosti huenda kwenye kiti kile amekaa mtu mwingine, mhadhiri wa somo yuko likizo, na mfumo wa matokeo umeshafungwa. Krediti za nje huamuliwa kabla ya kupanda ndege. Ukirudi, kazi iwe ni kuingiza alama tu, isiwe kuanza mjadala upya.

Una haki kubwa kuliko unavyofikiri. Erasmus+ haifanyi kazi na mwanafunzi mmoja mmoja. Chuo chako na kile cha Ujerumani vilisaini makubaliano kwanza, na makubaliano hayo yanagusa pia utambuzi wa masomo: kozi zilizopangwa na kukubaliwa, ukizifaulu kule, zinatambuliwa nyumbani. Kwa hiyo huendi idarani kuomba fadhila. Pitia kwanza ofisi ya chuo inayoshughulikia uhusiano wa kimataifa, uliza nani ndiye mratibu wa programu, halafu ingia kwa mkuu wa idara ukiwa na fomu mkononi. Mtu mwenye shughuli nyingi husaini kilichoandaliwa haraka kuliko anavyojibu swali la jumla.

Fomu hiyo ni mkataba wa masomo, na husainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako, na chuo mwenyeji. Ndani yake kuna jedwali A na jedwali B. Jedwali A linaorodhesha kozi utakazosoma Ujerumani. Jedwali B linaorodhesha kozi za Moshi ambazo hutazisoma kwa sababu zile za A zimechukua nafasi yake. Wengi hulijaza A kwa makini, wakifika B huandika "kozi za hiari" au huliacha wazi kabisa. Hapo ndipo semista inapopotelea. A peke yake inathibitisha tu kwamba ulisoma kitu fulani Ujerumani. B ndiyo inayosema kitu hicho kinafuta deni gani kwenye shahada yako. B yako iandike kwa msimbo wa kozi, jina kamili kama lilivyo kwenye prospektasi, na idadi ya krediti.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani mihadhara, semina, kujisomea na mitihani kwa pamoja. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Ulaya wanatumia krediti za ECTS, mfumo wao wa pamoja wa kuhesabu masomo: 60 kwa mwaka, 30 kwa muhula. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, ECTS moja ni sawa na krediti mbili za kwetu. Waingereza, ambao nao wana 120 kwa mwaka na saa 10 kwa krediti, hutumia uwiano huohuo wa mbili kwa moja.

Kuna mahali watu hubishana hapa. ECTS moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30, kwa hiyo anayelinganisha saa kwa saa atakwambia ni krediti mbili na nusu au tatu. Usiishabikie hesabu hiyo ingawa inakupendelea. Mtu akisoma mwaka mmoja Ulaya, hawezi kurudi na krediti za mwaka na nusu, na kamati yoyote ya kitivo italiona hilo mara moja. Andika uwiano wa 1 kwa 2 kwenye barua inayoambatana na mkataba, mkuu wa idara ausaini, hoja ifungwe.

Tuone kwa mfano. Tuseme semista yako ya pili ina Uhasibu wa Gharama krediti 12, Usimamizi wa Fedha 12, Takwimu 10, Kodi 10, Mbinu za Utafiti 8 na Ujasiriamali 8. Jumla 60. Chuo mwenyeji kina kozi za Kiingereza zinazofanana: Uhasibu wa Gharama ECTS 6, Fedha za Kampuni 6, Takwimu 5, Mbinu za Utafiti 5, Ujasiriamali 3. Jumla ECTS 25, sawa na krediti 50 za kwetu.

Tatu za kwanza zinaingia bila taabu: 6 ni 12, 6 ni 12, 5 ni 10. Mbinu za Utafiti inaleta 10 wakati unahitaji 8, na Ujasiriamali inaleta 6 wakati unahitaji 8. Ukizilinganisha moja moja, utapoteza krediti mbili upande mmoja na kudaiwa mbili upande mwingine, na deni la krediti mbili linaweza kukuzuia kuhitimu kama deni la ishirini tu. Kwa hiyo zifunge pamoja. Kwenye mkataba andika kwamba kozi hizo mbili za Ujerumani, zenye ECTS 8, zinachukua nafasi ya kozi mbili za Moshi zenye krediti 16. Mkataba unaruhusu kulinganisha fungu kwa fungu. Hakuna sheria inayodai kila kozi ipate pacha wake.

Inabaki Kodi. Usijaribu kuibadilisha, hata ukikuta kozi ya kodi kwenye orodha yao. Kodi inayofundishwa kule ni ya Kijerumani. Ni elimu nzuri, lakini TRA hawaihitaji. Tena wewe ni wa uhasibu, na huenda baadaye ukataka msamaha wa baadhi ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Hapo wataangalia ulisoma nini hasa, na kodi ya nchi nyingine haitakusaidia. Kozi yoyote inayobeba sheria za Tanzania isome Tanzania. Mwanafunzi wa sheria, ualimu au uuguzi awe mwangalifu zaidi, maana taaluma hizo zina masomo ambayo hayaruhusu mbadala.

Kabla ya kusainiwa kwa jedwali B, mpelekee kila mhadhiri wa somo maelezo ya kozi ya Ujerumani. Vyuo vya kule huchapisha kijitabu cha kozi zote chenye malengo, mada, saa za darasani, saa za kujisomea na aina ya mtihani. Kipakue na ukihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe yako, maana mwaka ukigeuka ukurasa unaweza kubadilishwa. Mhadhiri akiridhika, aandike "inakubalika" na kuweka sahihi pembeni ya mstari wa somo lake. Mkuu wa idara akiona sahihi hizo, hana cha kuogopa. Seneti ikiuliza, jibu lipo.

Kwenye alama ndiko uharibifu mkubwa hutokea, na hauonekani mpaka umechelewa. GPA yetu, yaani wastani wa pointi za alama, inapanda hadi 5.0: A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Ujerumani wanahesabu kinyume. 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 ni kufeli. Mwanafunzi akileta 1.3, alama ambayo Mjerumani angeisherehekea, karani asiyejua anaweza kuiona kama pointi 1.3 kati ya 5. Kwa hiyo uwe na jedwali la kubadilisha alama lililokubaliwa kabla ya kuondoka. Pendekezo linalofuata ngazi za Wajerumani wenyewe ni hili: 1.0 hadi 1.5 iwe A, 1.6 hadi 2.5 iwe B+, 2.6 hadi 3.5 iwe B, 3.6 hadi 4.0 iwe C. Idara inaweza kuvuta mipaka huku au kule. Muhimu iwe kwenye karatasi, na iamuliwe kabla mtu yeyote hajajua wewe umepata ngapi.

Anayekwenda nchi nyingine ana mitego yake. Norway wanatumia herufi A hadi F, na E yao ni kufaulu. Kwetu E ni kufeli. Uholanzi wanahesabu hadi 10, na 9 ni nadra sana, kwa hiyo 8 isichukuliwe kama asilimia 80 ya kawaida. Uingereza 70 tayari ni daraja la kwanza.

Uliza pia kama kanuni za chuo chako zinaingiza alama za nje kwenye GPA, au zinapokea krediti kama "amefaulu" tu bila alama. Mimi naona mwanafunzi mwenye GPA imara, 4.0 kwenda juu, hana sababu ya kuogopa alama kuingizwa. Aliye kwenye 3.5 au 3.6, yaani ukingoni mwa daraja la pili la juu, afikiri mara mbili. Muhula wa kwanza katika nchi ngeni, kwa mtindo wa mtihani asiouzoea, unaweza kumshusha. Kama kanuni zinaruhusu kuchagua, uchaguzi ufanyike kabla, maana hakuna atakayekuruhusu kuchagua baada ya kuona matokeo.

Tuje kwenye bumu. Mkopo hausimamishwi kwa sababu umepanda ndege. Unasimamishwa pale chuo kinapokuandika kuwa umeahirisha masomo. Kuahirisha na kuwa kwenye programu ya kubadilishana ni vitu viwili tofauti, lakini kwenye mfumo wa usajili karani anaweza kubofya kimoja badala ya kingine. Semista ya pili ikianza Machi, jisajili kama kawaida na ulipe ada ya Moshi kama kawaida. Chuo mwenyeji hakiruhusiwi kukutoza ada ya masomo wala ya mitihani chini ya Erasmus+. Kisha muone ofisa mikopo wa chuo na barua ya mratibu inayosema wewe ni mwanafunzi uliyesajiliwa, unasoma nje kwa muhula mmoja kwa idhini ya chuo. Muulize waziwazi utasaini vipi fedha za semista hiyo ukiwa haupo, naye akupe jibu kabla hujaondoka.

Barua hiyohiyo nakala yake iende kwa mratibu wa mitihani. Mitihani ya Julai ikifika na jina lako lipo kwenye orodha, usipotokea utaandikwa umetoroka mtihani, na kutoka hapo hadi disco, yaani kufukuzwa masomo, si mbali. Matokeo yako ya semista hiyo yanatakiwa yasomeke "hayajakamilika" mpaka transkripti ya Ujerumani ifike.

Kwa kalenda, una bahati. Mihadhara ya kiangazi Ujerumani huanza karibu katikati ya Aprili na kuisha katikati au mwishoni mwa Julai, kwa hiyo mitihani yako ya Februari utaifanya hapa na kuondoka kwa amani. Wanaokwenda Norway muhula wa Januari ndio wanaoumia: wanaondoka kabla ya mitihani ya semista ya kwanza, na wasipopata barua ya mtihani maalumu wanarudi na madeni. Viza ya zaidi ya siku 90 huombwa ubalozini Dar es Salaam, na miadi huchukua muda, hivyo usisubiri Machi.

Ukishafika, wiki mbili za kwanza zitakuvurugia mpango. Kozi mbili zitagongana kwenye ratiba, au iliyotangazwa kwa Kiingereza itageuka kuwa ya Kijerumani kwa sababu mwalimu amebadilika. Ni kawaida. Mkataba una sehemu ya mabadiliko, na yanatakiwa yafanywe mapema, katika wiki za mwanzo za muhula. Usibadilishe kozi kwa kukubaliana na mwalimu wa kule peke yake. Jaza fomu, itume kwa barua pepe Moshi, subiri irudi na sahihi. "Sawa" ya WhatsApp si sahihi. Aliyeituma anaweza kuhamishwa, na simu yako inaweza kupotea. Kabla ya kuondoka, mwombe mkuu wa idara amtaje mtu wa pili anayeweza kusaini akiwa safarini.

Kosa linalowagharimu zaidi Watanzania Ujerumani ni moja: kudhani kwamba ukijiandikisha kozi umejiandikisha na mtihani. Hapana. Katika vyuo vingi vya kule usajili wa mtihani ni jambo la peke yake, una tarehe yake ya mwisho, na mara nyingi tarehe hiyo inafika wiki kadhaa kabla ya mtihani bila mtu kukukumbusha. Unaweza kuhudhuria kila kipindi na kuelewa kila kitu, siku ya mtihani jina halipo, basi, krediti sifuri. Wiki ya kwanza nenda ofisi ya mitihani ya kitivo, uliza tarehe ya kila kozi, na baada ya kujiandikisha piga picha ukurasa wa uthibitisho.

Zingatia pia kwamba hakuna zile alama 40 za kazi za darasani zinazokubeba. Kozi nyingi zinahukumiwa kwa mtihani mmoja wa mwisho, asilimia 100. Nyingine hazina mtihani. Unaandika insha ndefu ya utafiti, na tarehe ya kuikabidhi inaweza kuwa Septemba. Insha hiyo itasahihishwa Oktoba au Novemba, wakati wewe umeshaanza mwaka wa tatu na chuo kinasubiri. Ukiwa na uchaguzi, chukua kozi zenye mtihani wa kuandika mwishoni mwa Julai. Na jihadhari na semina zinazotoa "amehudhuria" au "amefaulu" bila alama kama idara yako inahitaji alama. Cheti cha kuhudhuria hakina krediti hata kikiwa na muhuri wa rangi tatu, na onyo hilo linawahusu pia wanaouziwa kozi fupi za majira ya joto na mawakala hapa Arusha: kabla ya kulipa, uliza ni chuo gani kitatoa transkripti, na yenye krediti ngapi.

Chuo mwenyeji kinatakiwa kutoa transkripti ndani ya wiki tano baada ya matokeo kutangazwa. Omba itumwe moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako, wewe ubaki na nakala. Transkripti inayofika mkononi mwa mwanafunzi peke yake huzua maswali ya uhalali. Ikifika, peleka kwa mkuu wa idara bahasha moja yenye mkataba uliosainiwa, mabadiliko kama yapo, jedwali la alama, na maelezo ya kozi. Kikao cha bodi ya kitivo kinapaswa kuipitisha kabla ya Seneti kupokea matokeo ya mwaka wa pili, kwa hiyo uliza tarehe ya kikao hicho ukiwa bado Ujerumani. Huna haja ya kuwasumbua TCU kwa hili. Wao hutathmini tuzo zilizotolewa nje, na shahada yako itatolewa na chuo cha Moshi.

Utasikia pia mtu akitaja mikataba ya kimataifa. Ipo, na mmojawapo ulipitishwa hapohapo Arusha mwaka 1981, wa nchi za Afrika kutambuliana masomo ya elimu ya juu. Ni mambo mazuri, ila mkataba wa mataifa hauingizi alama kwenye faili lako. Anayeingiza ni idara.

Kuhusu Kodi, utaisoma mwaka wa tatu pamoja na wa mwaka wa pili, semista ya pili. Kabla ya kukubali, chukua ratiba za mwaka huu za madarasa yote mawili uone kama vipindi vyake vinagongana na kozi za lazima za mwaka wa tatu. Zikigongana, hilo ndilo jambo la kumwomba mkuu wa idara aliandikie ufumbuzi sasa: ama mtihani maalumu wa Kodi Septemba ukirudi, baada ya kujisomea kwa maelekezo ya mhadhiri, ama ruhusa ya kuisoma na kundi la jioni kama chuo kina kundi hilo.